Mama mkwe ananitengenezea dawa ya kitunguu saumu kila alfajiri, nami nimeacha vidonge bila mtu kujua

Mshauri wetu, salamu na heshima.

Nina miaka 54, ni mke na mama wa watoto watatu, naishi Tanga mjini. Mwezi wa pili mwaka huu nilikwenda kupima presha, wakaniambia nipime na lehemu, au kolesteroli kama wengi tunavyoiita. Majibu yalitoka hivi: jumla 7.1, ile mbaya (LDL) 4.9, ile nzuri (HDL) 1.2, na trigliseridi, mafuta mengine ya damu, 2.2. Presha na sukari zilikuwa sawa. Daktari aliniandikia simvastatin miligramu 20, kidonge kimoja kila usiku, akasema nipunguze mafuta. Foleni nyuma yangu ilikuwa ndefu, nikatoka bila kuuliza hata swali moja.

Nilimeza bila kuruka siku. Mwezi wa tano nilipima tena, LDL ilikuwa 3.1. Nikafurahi.

Mwezi wa sita mama mkwe alikuja kukaa nasi kutoka Pangani. Ana miaka 76 na ananipenda kama mwanawe wa kumzaa. Aliponiona nameza kidonge alisikitika, akasema vidonge vya maisha vinamaliza ini, na dawa ya mafuta ya damu ipo shambani. Tangu hapo anaamka kabla ya adhana ya alfajiri, anatwanga punje sita za kitunguu saumu, tangawizi, na limau pamoja na maganda yake, anaweka vijiko viwili vya asali. Asubuhi na jioni ananikamulia glasi kubwa ya juisi ya balungi. Wifi yangu wa Dar naye alituma kopo la unga wa kahawia wa "kusafisha mishipa", la shilingi 40,000. Halina maandishi zaidi ya jina la muuzaji. Hilo sijalifungua.

Wiki tatu baadaye mapaja yalianza kuniuma, nikawa nashika ukuta nikipanda ngazi. Mama akasema, "Si nilikwambia?" Nikaacha vidonge kimyakimya. Baada ya siku kumi maumivu yakaisha. Sasa ni wiki ya saba. Mume wangu anadhani bado nameza. Binti yangu mkubwa, aliyeko Dodoma, anatuma hela ya vidonge kila mwezi, nami nanunua na kuficha pakiti kabatini. Nikizitazama naona haya.

Nina kliniki baada ya wiki tatu. Najihisi mzima kabisa, lakini usiku namkumbuka marehemu baba yangu. Alianguka shambani akiwa na miaka 48, wakasema ni moyo.

Chakula chetu ni cha asili tu. Nyama nyekundu ni mara moja moja. Asubuhi mahamri na mbaazi, mchana wali wa nazi na samaki (nazi mbili kwa watu sita), jioni kahawa ya dele na mama, finjani nne au tano. Sioni kasoro hapo.

Je, mimea inaweza kunitosha? Nimwambie daktari ukweli au nirudie vidonge wiki moja kabla ya kipimo? Na glasi ya mama mkwe nitaikataaje bila kumvunja moyo?

Mama wa Watatu, Tanga

*

Dada yangu,

Nakushukuru kwa kuweka tarehe na namba katika barua yako, kwani ndizo zilizonifanya nione jambo ambalo huenda hukuliona. Umebeba mizigo mitatu iliyofungwa kamba moja. Kuna lehemu iliyokuwa imeshashuka, kuna upendo wa mama mkwe unaokujia kwa glasi, na kuna siri iliyoko kabatini. Nianze na mapaja, maana ndiyo yaliyokufanya uache dawa.

Umeandika kwamba ulimeza simvastatin tangu mwezi wa pili bila kuruka siku, na hukutaja maumivu yoyote. Maumivu yalikuja wiki tatu baada ya balungi kuingia nyumbani. Hapo ndipo ningependa tukae kidogo. Balungi lina viambata vinavyozuia kimeng'enya cha utumbo ambacho kazi yake ni kuvunja sehemu kubwa ya simvastatin kabla haijaingia kwenye damu. Kimeng'enya kikizuiwa, kidonge kilekile cha miligramu 20 kinaingia mwilini kama dozi kubwa zaidi, na dozi kubwa ya dawa hii huumiza misuli. Kunywa juisi asubuhi na kidonge usiku hakusaidii, kwa sababu zuio hilo hudumu zaidi ya siku moja. Madanzi nayo hufanya hivyohivyo. Machungwa ya kawaida hayana shida hiyo. Siwezi kuapa kwamba balungi ndilo lililokuumiza. Lakini wewe umehukumu kidonge peke yake, wakati kilikuwa na mwenzake.

Kuna uwezekano mwingine, nao nautaja kwa heshima. Mwaka 2020 watafiti wa Imperial College London walichapisha jaribio la watu 60 waliowahi kuacha dawa za jamii hii kwa sababu ya madhara. Kwa mwaka mzima, miezi mingine walimeza dawa yenyewe, mingine kidonge kitupu kisicho na dawa, mingine hawakumeza kitu. Kidonge kitupu kiliwaletea karibu asilimia 90 ya usumbufu ulioletwa na dawa. Maumivu yao yalikuwa ya kweli, lakini mengi yalitokana na kutarajia kuumia. Nawe ulikuwa umeshaambiwa na mtu unayemwamini kwamba kidonge kitakudhuru. Pia yapo maumivu yanayosababishwa na dawa yenyewe bila balungi wala hofu. Daktari anaweza kukupima kimeng'enya cha misuli kiitwacho CK, na tezi ya shingo pia, kwa sababu tezi iliyolegea hupandisha LDL na kuumiza misuli kwa wakati mmoja.

Sasa siri. Wazo la kurudia vidonge wiki moja kabla ya kipimo nalielewa, ni la mtu anayeogopa kugombezwa. Tazama lakini litakavyokwenda. Dawa hizi huchukua kama wiki nne kufikisha nguvu yake yote, kwa hiyo utapata namba ya katikati isiyosema chochote kuhusu kidonge wala kuhusu mimea. Na ukienda bila kumeza na bila kusema, LDL ikikutwa imepanda, daktari ataona kwenye faili "simvastatin 20" na kudhani imeshindwa. Ataongeza iwe 40. Utarudi nyumbani na pakiti yenye nguvu zaidi, na juisi ya balungi bado iko mezani. Hilo ndilo linalonitia hofu zaidi katika barua yako yote.

Unasema unajihisi mzima. Naamini. Lehemu haiumi wala haichoshi, kwa hiyo kujisikia vizuri hakukwambii iko wapi. LDL ya 4.9 ni sawa na takriban 190 kwa maabara zinazotumia miligramu. Kuanzia kiwango hicho madaktari huanza kuuliza kama tatizo ni la kurithi, na baba aliyeondoka kwa moyo kabla ya miaka 55 ni sababu nyingine ya kuuliza. Pole sana kwa hilo. Ukiwa na lehemu ya kurithi, ini lako linashindwa kuikamata LDL ya kutosha kutoka kwenye damu, na chakula peke yake, hata kiwe kizuri vipi, mara nyingi hakitoshi. Shika kano nyuma ya visigino vyako: je, ni nene kuliko kawaida, au ina uvimbe mgumu? Mweleze daktari habari za baba kwa maneno yaleyale uliyoniandikia. Ikithibitika, ndugu zako wa tumbo moja na watoto wako nao watahitaji kupimwa.

Haya, mimea. Umeuliza kama inaweza kukutosha, nami sitaidharau, maana baadhi yake inafanya kazi na sababu yake inajulikana. Ini hutengeneza nyongo kwa kutumia lehemu. Nyuzinyuzi zenye utelezi huishika nyongo tumboni na kutoka nayo chooni, kwa hiyo ini hulazimika kuvuta LDL kutoka kwenye damu ili litengeneze nyongo mpya. Shughuli yote iko kwenye ule utelezi, na ndiyo maana uji wa shayiri una faida kuliko glasi ya kitunguu saumu.

Kitunguu saumu kimepimwa vizuri. Mwaka 2007 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walichapisha jaribio la watu wazima 192 wenye LDL iliyopanda kiasi. Walikila kwa miezi sita, wengine kibichi, wengine kwa vidonge vya aina mbili. LDL haikushuka kwa namna ya maana katika kundi lolote. Tafiti nyingine zimeona mshuko mdogo, lakini hakuna anayeweza kukuahidi kutoka 4.9 hadi 3 kwa punje sita. Kibichi kwa wingi huchoma tumbo na hupunguza kuganda kwa damu. Ukiwa unatumia aspirini au warfarini, au unakwenda kung'olewa jino au kupasuliwa, sema mapema. Limau haliyeyushi mafuta kwenye mishipa, kwani ukali wake unaishia tumboni. Asali ni sukari, na kwa trigliseridi ya 2.2 vijiko viwili kila siku ningevipunguza. Tangawizi haina neno. Vitu hivi kwenye mchuzi ni baraka tupu, kwa sababu vinakolesha chakula bila mafuta na chumvi nyingi.

Majani ya mlonge ni mboga nzuri, ila ushahidi wake kwa lehemu bado ni mwembamba. Mizizi na magome yake usinywe. Uwatu una utelezi unaosaidia kidogo, ila hushusha sukari pia, kwa hiyo mwenye kisukari anayetumia dawa awe mwangalifu.

Shayiri ndiyo ningeipa nafasi ya kwanza, nanyi wa pwani mnaijua tangu kwenye futari. Chukua gramu 80 za shayiri kavu, ambazo hazijai nusu kikombe. Loweka usiku kucha, chemsha kwa lita moja ya maji kama dakika 45 hadi ilainike, na ule maji yake mazito usiyamwage wala kuyachuja. Kiasi hicho hutoa takriban gramu 3 za betaglukani, yaani ule utelezi wenyewe, ambazo zikiliwa kila siku hushusha LDL kwa asilimia 5 hadi 7. Oti kavu za uzito huohuo hufanya kazi sawa. Wengi huharibu kwa kula mara mbili kwa wiki, au kwa kumimina siagi na maziwa mazito juu yake. Anza na nusu ya kiasi kwa wiki moja, la sivyo tumbo litajaa gesi na utaacha.

Maduka ya Kihindi huuza maganda ya ispaghula, yaitwayo isabgol. Kijiko cha chakula ni kama gramu 5. Kimoja asubuhi na kimoja jioni huleta mshuko wa karibu asilimia 7. Koroga kwenye glasi nzima ya maji, kunywa papo hapo, kisha ongeza glasi nyingine. Ikiachwa huvimba kama ute na inaweza kukwama kooni. Mwenye shida ya kumeza asiitumie. Vidonge vyovyote vikae mbali nayo kwa saa mbili.

Mbaazi zako, pamoja na kunde, choroko na maharage, robo tatu ya kikombe zilizoiva kila siku, hushusha karibu asilimia 5. Karanga zisizo na chumvi, konzi moja mpaka mbili, husaidia kiasi hichohicho zikichukua nafasi ya kitafunwa kingine, si zikiongezwa juu yake. Zenye ukungu au uchungu zitupe. Bamia na bilinganya ziingie mara kwa mara. Zilikuwemo kwenye mlo wa mtafiti David Jenkins wa Chuo Kikuu cha Toronto. Mwaka 2003 alichapisha jaribio la mwezi mmoja ambapo watu walipewa chakula chote tayari: nyuzinyuzi zenye utelezi, soya, lozi na viini vya mimea viitwavyo steroli. LDL yao ilishuka kwa takriban asilimia 29, karibu sawa na waliomeza dawa ya lovastatin. Watu walipopewa ushauri tu na kujipikia nyumbani kwa miezi sita, katika jaribio la mwaka 2011, mshuko ulikuwa kama asilimia 13. Hivyo kwa namba zako, chakula kinachofuatwa vizuri nyumbani kinaweza kukutoa 4.9 hadi karibu 4.3. Kidonge kilikufikisha 3.1. Vikiwa pamoja vinasaidiana.

Sasa niruhusu niingie jikoni kwako, kwa sababu umesema huoni kasoro. Gramu 100 za nyama ya nazi zina takriban gramu 30 za mafuta mgando, yale yanayopandisha LDL. Nazi mbili zenye jumla ya gramu 600 zina kama 180. Hata nusu yake tu ikiingia kwenye tui, kwa watu sita ni gramu 15 kwa kila sahani, na hapo hatujahesabu mbaazi za asubuhi wala mafuta ya mahamri. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni chini ya gramu 22 kwa siku kwa mtu anayekula kalori 2,000. Nazi ni mmea, ni ya asili, na bado inapandisha. Sisemi muiache. Jaribuni nusu nazi badala ya mbili, acheni kasimile na mtumie tui la pili, wali wa nazi uwe wa Ijumaa, siku nyingine pikeni kwa kijiko cha mafuta ya alizeti. Mbaazi zina ladha nzuri kwa kitunguu, nyanya na ukwaju pia.

Na kahawa. Buni ikichemshwa hutoa mafuta yenye kiambata kiitwacho kafestoli, ambacho hupandisha LDL kweli kweli. Karatasi ya kuchujia hukinasa, kichujio cha waya hakikinasi. Finjani nne au tano kila jioni si haba. Mkiichuja kwa karatasi, baraza yenu ya jioni haitapotea.

Lile kopo la wifi naomba libaki limefungwa. Unga usio na orodha ya vilivyomo unaweza kuwa majani yasiyo na madhara, au kuchanganywa na dawa za hospitali bila kutajwa. Wakati mwingine ni mchele mwekundu uliochachushwa, wenye kemikali ileile ya lovastatin, bila anayejua kipimo chake. Mwulize wifi kama bidhaa hiyo imesajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Na kama moyo wako unasita kwa sababu kidonge ni "kemikali", dawa ya kwanza ya jamii hii ilipatikana kwenye ukungu, na Akira Endo wa Japani, miaka ya 1970.

Njia zilizo mbele yako ni kama hizi. Unaweza kwenda kliniki mapema, hata wiki hii, na kusema: niliacha siku fulani, kwa sababu hii, na nilikuwa nakunywa balungi. Hatari yake ni aibu ya dakika tano, na pengine sauti kali. Faida yake ni kwamba daktari ana mengi ya kukupa: kidonge kilekile bila balungi, dozi ndogo, au ndugu zake rosuvastatin na pravastatin ambazo balungi haliziathiri. Unaweza kuomba jaribio la chakula peke yake kwa wiki 8 hadi 12, kisha kipimo. Daktari anaweza kukubali au kukataa kulingana na habari za baba yako, na hatari ni kwamba muda huo LDL yako iko juu. Au unaweza kuendelea hivi ulivyo, na hapo kinachonisumbua si mimea, ni kwamba hakuna anayekutazama. Chochote utakachochagua, usirudie vidonge ukiwa bado unakunywa balungi. Ukiona mkojo mweusi kama chai ya rangi pamoja na misuli kulegea, au kifua kubana, au mdomo kupinda, usisubiri kliniki. Nenda hospitali saa hiyohiyo.

Kwa mama mkwe, sidhani kama unahitaji kumkatalia. Anachotaka ni kukuhudumia. Mwambie, "Mama, mapaja yaliniuma kwa sababu balungi na kidonge havipatani, nami sikujua. Lakini kuna shayiri, inatakiwa kulowekwa usiku na kuchemshwa alfajiri, na mimi siamki mapema kama wewe." Kitunguu saumu chake kihamie kwenye mchuzi, na mabalungi wapate wajukuu, mradi hawatumii dawa. Ukiona inafaa, nenda naye kliniki, akamsikie daktari mwenyewe. Mara nyingi wazee hukasirishwa zaidi na kufichwa kuliko kupingwa.

Mumeo na binti yako ungeanza na nani? Wewe ndiye unayewajua. Ila vile vidonge vya kabatini, hesabu vilivyobaki, vitie kwenye mfuko pamoja na kopo la wifi, uende navyo vyote kliniki. Daktari akivihesabu mezani, hutalazimika kutafuta maneno ya kuanzia. Niandikie ukipata namba mpya, pamoja na tarehe ulipoanza shayiri.